Kufunga spesa kwa gari ya ofurodi: pima, kaza, kagua tena

Siku hizi mtu akinunua Prado ama Jimny, wiki ya pili tayari anaulizia spesa. Gari inakaa pana, tairi zinatoka nje kidogo, ikisimama pale parking inaonekana imeiva, sawa, hakuna mtu anakataa. Lakini spesa ni bamba nene inayokaa kati ya habu (kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa) na gurudumu, pale pale uzito wote wa gari unapita, na ikilegea gurudumu linakuacha barabarani. Kwa hivyo kama utaweka weka vizuri, na kama huna sababu ya maana hiyo pesa nunua kompresa ya hewa na kamba ya kuvutana, zitakusaidia zaidi ukikwama kule Suswa.

Shika hili kwanza maana mengine yote yanatoka hapa: stadi (zile bolti zinazotoka kwa habu) hazibebi gari. Watu wengi wanafikiria rimu imening'inia kwa zile stadi sita, hapana. Nati ikikazwa inavuta stadi irefuke kidogo sana, na ile nguvu ya kuvuta ndiyo inabana rimu kwa habu mpaka msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unabeba mzigo. Kwa Prado, stadi ya milimita 12 ikikazwa Nm 112 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) ikiwa kavu inabana kwa nguvu ya zaidi ya tani nne, stadi moja tu hiyo. Sasa ukiweka spesa umeongeza sehemu ya pili ya kubana: kuna nati zinazoshika spesa kwa habu, halafu kuna nati zinazoshika rimu kwa spesa, na zile za kwanza zimefichwa ndani huzioni. Kutu, rangi, mchanga, grisi, chochote kinachokula ile nguvu ya kubana ndicho adui yako.

Unaitaka ya nini?

Sababu ya kweli ni kama umeweka tairi kubwa na ukikata kona yote inasugua ndani, kwa arm ama kwa chesi ama kwa stabilaiza. Ama umepata rimu nzuri lakini ofseti yake (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu) imeingia ndani sana, inagusa kalipa ya breki au tai rodi. Hapo spesa inasukuma gurudumu nje na shida inaisha.

Lakini kama tairi inasugua fenda, bampa ya mbele ama madiflapu, spesa itaharibu zaidi, kwa sababu gurudumu likiwa nje linazunguka duara kubwa zaidi ukipinda steringi. Hii watu hawaelewi mpaka walipe pesa. Dawa ya hiyo ni kuinua gari, kukata plastiki, ama kurudi kwa tairi ndogo.

Kuna wale wa Land Cruiser 70 ya V8 dizeli, zile zilianza 2007. Toyota walipanua ekseli ya mbele ndio injini iingie, nyuma wakaacha, kwa hivyo mbele ni pana kuliko nyuma kwa milimita 95 na kwa mchanga tairi za nyuma hazifuati njia ya mbele. Wenye hizi gari wana sababu halali kabisa, ila ukigawa 95 kwa mbili ni spesa ya milimita 47 na kitu kila upande, na hiyo ni pikapu ya kubeba mzigo. Mimi siwezi. Wanaofanya kazi nzito nazo wanapanua ekseli yenyewe, ni ghali lakini unalala usingizi.

Ujue pia unachopoteza. Spesa ya 30 inaongeza upana wa gari kwa 60, inasukuma mzigo mbali na beringi za habu kwa hivyo zitaisha mapema, steringi inakuwa nzito kidogo na ukigonga jiwe na tairi moja inakurukia mikononi, na matope yote ya black cotton pale Kitengela yatapanda hadi kwa vioo vya milango. Kwa gari ya familia inayoenda Magadi mara moja moja naona 30 ndio mwisho. Ukihitaji zaidi ya hapo tafuta rimu yenye ofseti inayofaa, maana rimu inafanya kazi ile ile bila kukuongezea seti ya pili ya nati.

Pima kabla hujatoa pesa

Hapa ndipo wengi wanaanguka kwa sababu muuzaji anakuuliza tu "stadi ngapi?" ukisema sita anakuletea ya sita. Sita haitoshi.

Prado, Hilux, Nissan Patrol na Pajero zote zina stadi sita kwa duara la milimita 139.7 (lile linalopita katikati ya stadi zote), kwa macho utasema ni kitu kimoja. Lakini shimo la katikati la Prado 120 na 150 na Hilux ni milimita 106, la Patrol ya Y61 ni 110, la Pajero ni 67. Chukua spesa ya Patrol uweke kwa Prado, itaingia, lakini itacheza milimita 4 pale katikati, haikai kwa habu, imening'inia kwa stadi peke yake, na hata nyuzi hazifanani, Patrol ni 12 kwa 1.25 na Toyota ni 12 kwa 1.5, yaani unene wa stadi halafu nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita. Fundi mwenye gani ya hewa (ile mashine ya kufungua na kukaza nati) atalazimisha nati iingie na utaona imekaza, kumbe imekula nyuzi tu.

Jimny ni stadi tano kwa 139.7, katikati 108, nyuzi 12 kwa 1.25. Land Cruiser 100 na 200 ni tano kwa 150, katikati 110, stadi za 14 kwa 1.5. Hata hivyo usitegemee maandishi yangu ama ya mtu mwingine, toa gurudumu moja upime na vanieri, gari nyingi hapa zimetoka nje zikiwa zimetumika na huwezi jua nani alibadilisha nini huko.

Ukiwa umetoa hilo gurudumu pima urefu wa stadi kutoka uso wa diski hadi ncha. Tuseme imetoka 33 na unataka spesa ya 25: ncha ya stadi itabaki nje ya spesa kwa 8, na itagonga mgongo wa rimu. Rimu nyingi za aloi zina vishimo kati ya matundu ya stadi vya kupokea hizo ncha, geuza yako uangalie. Rimu za chuma mara nyingi hazina. Kama hakuna vishimo nunua spesa nene kuliko stadi zako, ama uachane na hiyo mambo. Mafundi wengine watakuambia "tutakata na grainda bosi, dakika tano", sasa ukikata stadi siku unatoa spesa unarudisha rimu nati inakosa nyuzi za kushika.

Mwisho angalia ofseti, imeandikwa ndani ya rimu kama ET na namba. Rimu ya Prado 120 ya inchi 17 ni ET30. Ukiweka spesa ya 30 sasa unatembea kama mwenye rimu ya ET0. Pima na rula kama hiyo tairi bado itakuwa chini ya fenda, maana hii itakuja tena kwa sheria.

Kununua

Spesa ziko Kirinyaga Road, ziko Industrial Area, na ziko kwa wanaoagiza nje. Bei nitaacha kwa sababu inabadilika kila ukiuliza. Angalia hivi.

Iwe ya kufungwa na nati zake, yaani inafungwa kwa habu na stadi za gari halafu ina stadi zake za kushika rimu. Ile bamba tupu yenye matundu, unaipitisha tu kwa stadi za gari halafu rimu juu yake, inakula urefu wa stadi. Kanuni ni kwamba nati ishike nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi ya 12 yenye nyuzi za 1.5 ni mizunguko minane kamili, yenye 1.25 ni karibu kumi. Zungusha kwa mkono ukihesabu, ukifika tano imekaza hiyo ni kifo.

Shika moja mkononi uigeuze. Upande wa nyuma kuwe na shimo linaloingia kwa habu bila kucheza. Upande wa mbele kuwe na ukingo ulioinuka, kama milimita chache hivi, ambao rimu inakaa juu yake. Bila huo ukingo rimu haina kitu cha kuishika katikati na utasikia mtetemo ukifika 80 Thika Road. Stadi ziwe zimepigwa presha kutoka nyuma na kichwa chake kimeingia ndani ya alumini, zina chapa ya 10.9, hiyo ni daraja ya nguvu ya chuma chake. Alumini iwe ya 6061-T6 ama 7075-T6 iliyochongwa, uso wake unaonyesha mistari laini ya mashine. Ukiona vinundu na vishimo vidogo kama uji ulioganda, hiyo imemwagwa kwa kalibu, rudisha kwa rafu.

Na watu wa leithi, ile mashine ya kuchonga chuma? Tuna wachongaji wazuri sana, Kariobangi wanachonga kitu mpaka unashangaa, shida si mkono wao. Shida ni hujui hiyo alumini ilikuwa nini jana, inaweza kuwa pistoni zilizoyeyushwa pamoja na sufuria. Kama utachongesha peleka alumini yako mwenyewe yenye karatasi, na stadi za dukani.

Nunua kwa jozi, ekseli moja spesa mbili sawa. Usibandike spesa juu ya spesa, hata ukiona mtu amefanya.

Sheria na bima

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote, tairi zikiwemo, ziwe katika hali ambayo kuendesha hakuwezi kuhatarisha wengine barabarani. Kwa maneno mengine, si lazima ajali itokee ndio uwe na makosa, spesa iliyolegea ama tairi inayotoka nje ya fenda ikirushia watu mawe inatosha. Kwa hivyo tairi ifunikwe. Ikitoka nje kidogo weka fenda fleya pana na madiflapu ndefu, utaokoa hata rangi yako.

Gari za watalii na pikapu za biashara zinapita inspekshoni ya NTSA (mamlaka ya usalama barabarani) kila mwaka, kwa hivyo kama yako ni ya kazi ongea na inspekta pale Likoni Road kabla hujanunua, muulize wazi wazi, gari bado ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Wewe wa gari ya binafsi usicheke, karao akikusimamisha na akaona gurudumu limetoka nje kama masikio hiyo ni story ndefu.

Bima ndiyo watu wanasahau. Waandikie imeili, sema umeongeza spesa za unene fulani, weka picha na risiti, wakijibu tunza hilo jibu. Bima inasimama juu ya wewe kusema ukweli wa gari yako, ukificha siku ya ajali watapata pa kushikia. Gari ikiwa bado na waranti, muulize muuzaji kwa maandishi pia, beringi ikiisha wataangalia gurudumu kwanza.

Tukiangalia video za Waaustralia tukumbuke kwao spesa kwa gari ya barabara kwa jumla haziruhusiwi isipokuwa zile gari ilitoka nazo kiwandani, na upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ya gari ya 4x4 una kikomo cha kuongezeka milimita 50. Ujerumani lazima ipitishwe na wakaguzi kama TÜV. Kwa hivyo usichukue video ya YouTube ukaifanya ruhusa.

Sasa tufunge

Uwe na jeki na stendi mbili, jeki peke yake hapana. Brashi ya waya, msasa, dawa ya kusafisha breki, kitambaa, soketi ya ukuta mwembamba kwa zile nati za ndani maana ya kawaida haiingii kwa matundu ya spesa, na toki renchi. Toki renchi si ya matajiri, kama huna azima. Hii kazi bila toki renchi usianze.

Simamisha gari pahali tambarare, weka mawe nyuma ya tairi, legeza nati kabla hujainua. Inua, weka stendi chini ya ekseli ama chesi, toa gurudumu.

Kuna vile vikofia vya chuma vyembamba ama skrubu ndogo zinazoshika diski kwa habu, toa vikofia, skrubu hakikisha haziko juu ya uso. Halafu safisha. Hapa ndio kazi yenyewe, usikimbie. Pale katikati ya habu kuna pete ya kutu ambayo gari ya miaka kumi lazima iwe nayo, piga brashi, piga msasa, mpaka uone chuma. Ule uso wa diski pia, na mgongo wa rimu. Kutu ya nusu milimita leo inaonekana imebanwa, ikishasagika kwa rafu rodi ya Suswa inakuwa unga, na ile tani nne yako imeyeyuka. Maliza na dawa ya breki, pangusa, iwe kavu.

Grisi usiweke kwa stadi. Najua kuna fundi atakuambia inasaidia kutoa baadaye. Stadi ikiwa na grisi, ile ile Nm 112 inaivuta zaidi ya ilivyokusudiwa na inaweza kukatika. Kama unaogopa kutu paka filamu nyembamba sana kwa ile duara ya katikati ya habu pekee, si kwa nyuso zinazobanana.

Weka spesa kwa mkono bila nati. Iingie hadi mwisho, ikae flati, ukiitikisa isicheze. Ukitaka kuwa na uhakika paka mistari ya maka kwa uso wa habu, ibane kidogo, itoe, angalia kama wino umeshika duara yote. Umeshika upande mmoja? Kuna kitu chini, tafuta.

Weka nati za spesa zenyewe, zile zilikuja nayo, si za gari. Anza kwa vidole zote. Kama aliyetengeneza amesema utumie gundi ya nyuzi ya bluu, weka tone moja kwa hizi za ndani, nyekundu usiguse. Kaza kwa mfano wa nyota, yaani moja halafu ya upande wa pili, raundi ya kwanza nusu ya nguvu, raundi ya pili nguvu yote. Fuata namba ya spesa ikiwa imeandikwa, la sivyo ya kitabu cha gari, Prado ya aloi ni Nm 112, Jimny ni 100. Breki ishikwe na mtu ndani ili habu isizunguke.

Gani ya hewa kaa nayo mbali. Ukiuliza "umekaza?" utajibiwa "imekaza bosi, hiyo haitoki", na kweli haitoki, mpaka siku stadi inakatika kwa sababu ilikazwa mara mbili ya inavyofaa.

Nati zote zimekaa? Pitisha rula juu ya spesa, hakuna nati wala ncha inayozidi uso kama rimu yako haina vishimo. Weka gurudumu, angalia aina ya nati: rimu za aloi za Toyota nyingi zinatumia nati ya washa bapa, rimu za kununua zinataka nati yenye mdomo wa koni, na spesa nyingi zinakuja na za koni. Nati ya koni kwa tundu la bapa inashika kwa mstari mwembamba tu, inalegea. Kaza kwa nyota, shusha gari, maliza na toki renchi tairi ikiwa chini.

Kabla hujatoka getini pinda steringi yote kushoto na kulia, sikiliza. Halafu panda tairi moja ya mbele juu ya kingo ama jiwe ili sasipensheni ibanwe, pinda tena. Fenda ikiguswa hapo, kule kwa mawe itachanika.

Kukaza tena

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena, na hapa nazungumzia zile za ndani pia, kwa hivyo magurudumu yote yenye spesa yanatoka. Nenda Limuru taratibu urudi, kesho yake toa. Usiifunge Ijumaa jioni ukaenda Chalbi Jumamosi. Kama nati ya ndani imezunguka zaidi ya kidogo, usikaze tu uende, toa spesa yote uangalie uso wa habu, kuna kitu kimekaa. Baadaye kagua kila ukifanya sevisi na kabla na baada ya safari ya barabara mbaya. Chora mstari wa rangi kutoka nati hadi spesa, mstari ukikatika unajua bila kupima.

Ukianza kusikia tok tok inayoongezeka na mwendo, ama mtetemo ambao jana haukuwepo, simama. Si "nifike Kiserian kwanza". Simama hapo hapo. Mngurumo unaobadilika ukikata kona ni beringi, hiyo inaweza kukufikisha kwa fundi ukienda pole.

Mtu wa pancha mwambie kuna spesa, na ukae karibu, nati za gurudumu ukaze mwenyewe na toki renchi. Kwa buti weka ile soketi nyembamba pamoja na nati za rimu ya spea kama ni ya chuma na zingine ni za aloi, maana ukipata pancha usiku kule Magadi hutapata duka. Spesa ikiwa na ufa hata kama unywele, tundu likiwa limerefuka kama yai, ama stadi imezunguka ndani ya alumini, hiyo haichomelewi wala haipigwi nyundo, peleka kwa wa vyuma chakavu ikiwa imekatwa vipande viwili ili mtu asiiokote akaiuza.

Na siku unauza gari, zitoe ama mwambie mnunuzi mbele ya gurudumu lililotolewa, azione hizo nati za ndani kwa macho yake na umpe namba za kukaza.